Maji Hayakupanda Kilima

Jumapili, 7 Juni 1998. Mkonze.

Bismillahi. Daftari jipya, la mjukuu. Kasema, babu, andika safari yako. Hakujua anamwambia nani! Mimi nina cheti cha elimu ya watu wazima, mwaka sabini na nne, wa kwanza darasa zima. Wenzangu walishika kalamu kama mpini wa jembe.

Kesho tunakwenda Mtera. Mkwe wangu Nurdini, mume wa binti yangu Anifa, amenunua boti ya injini. Analizunguka lile bwawa mwalo kwa mwalo, kila wanaposhukia wavuvi, anashusha sukari na sabuni, anapakia samaki. Siku hizi kila mwenye shati ni mfanyabiashara.

Amekuja leo na kanzu mpya, eti yangu. "Shikamoo baba. Tangu mama atutoke hujavuka barabara. Twende ukapunge upepo."

Upepo! Dodoma mwezi wa sita mtu anafuata upepo? Bati la choo changu liliruka juzi likaokotwa kwa jirani.

Mkwe haleti kanzu bure. Nimemwitikia marahaba, nikamtazama mpaka akatazama miguu yake.

Na Anifa naye anakuja. Duka anamwachia nani? Amefunga furushi kwa kanga ya marehemu mama yake na halitoki kwapani. Nimeuliza ni nini. "Vyombo tu, baba." Vyombo vinakumbatiwa?

Kule Mtera kuna jambo langu moja. Hakuna anayelijua. Nitaliandika nikishajua daftari hili linalala wapi.

Jumatatu, 8 Juni. Mwalo wa Wanyasa.

Daftari linalala ndani ya kanzu, kwenye mfuko wa nailoni, juu ya tumbo. Hapo hafiki mtu.

Boti ni ya mbao, kijani, ina turubai. Nahodha anaitwa Silvano, Mnyasa, ana pengo na maneno mengi. Wamenivika koti la kuelea, rangi ya chungwa. Nikalivua. Nimevuka Ruaha ya masika kwa miguu, debe la mafuta kichwani, kabla huyo Silvano hajazaliwa!

Maji ni mengi ajabu. Mvua za elnino zimelijaza bwawa, na miti iliyofia humo imesimama myeupe kama mifupa. Silvano anaendesha kwa miti hiyo. Amefunga vitambaa vyekundu, huu pita kushoto, ule kaa mbali. Nikacheka. Mimi miti hii naijua ilipokuwa na majani!

Nikawaonyesha. Hapa chini yetu ni barabara. Kulia mnada wa mbuzi. Pale alipokaa yule mnandi anakausha mabawa ndipo palikuwa msikiti. Kile kijiji chote, Mkwajuni, nilikijua nyumba kwa nyumba. Mimi Mrangi wa Kondoa, nilifika na mzigo wa chumvi, nikafungua duka la kwanza. Wagogo wakaniita mwenzao.

Silvano akasema, "Kumbe mzee ni ramani!"

Nurdini akamtazama Anifa. Niliona! Walidhani natazama mnandi.

Sasa wanashusha mizigo. Niko peke yangu chini ya turubai. Naandika lile jambo.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa Rehani. Surua ilimchukua ana miaka minne. Nilimzika Mkwajuni, kwenye kilima cha mawe mawili, juu ya kijiji. Mwaka sabini na tisa serikali ikasema linakuja bwawa, hameni, na makaburi yenu muyahamishe. Kila mtu akachimba. Mimi nikasema maji hayapandi kilima. Mke wangu Mwajabu akalia siku tatu. Nikachukua jembe nikaenda alfajiri. Nikachimba hadi magotini.

Nikashindwa. Mimi!

Nikafukia. Nikafunga udongo na mawe ndani ya sanda, nikabeba mikononi hadi Mkonze. Watu wakasimama barabarani, wakavua kofia. Shehe akasoma dua. Tukazika. Miaka kumi na tisa nimesifiwa, Mzee Swalihu alimbeba mwanawe kwa mikono yake. Na mimi mwenyewe nimeisimulia. Harusini, msibani, kwenye bao. Utamu wa kusifiwa unajulikana.

Mwajabu kila Idi alikwenda na birika lake la bluu kumwagia kaburi lile maji. La mawe! Miaka ya mwisho alikuwa anarudi na birika bado zito. Nikadhani ni magoti, hawezi kuinama.

Mwezi wa tatu tumemzika pembeni mwa kaburi hilo. Alitaka alale karibu na mwanawe.

Na maji hayakupanda kilima. Niliwaambia! Yameishia chini ya mawe, nimesikia kwa wavuvi. Nilikuwa sahihi mimi peke yangu, na siwezi kumwambia mtu.

Jumanne, 9 Juni. Mwalo wa Mabanda.

Leo nimejua kwa nini kanzu.

Asubuhi nilijifanya nimelala. Nurdini na Silvano walikuwa wanaongea kwenye injini. Nurdini kasema bwana Aiman atafika Ijumaa na mtendaji, lazima mzee awe ameshapaona. Silvano kauliza, na akikataa? Nurdini kasema hawezi kukataa, hiyo si ndiyo sifa yake?

Nikakohoa. Wakaanza habari za mafuta.

Basi nikangoja hadi chai, ndipo nikamuuliza Nurdini mbele ya Anifa: Aiman ni nani? Akamwaga chai kwenye suruali. Halafu akasema yote, maneno yakamtoka kama njugu gunia likitoboka. Bwana Aiman ni mwekezaji, yuko Dar. Wanaingia ubia. Watajenga kambi ya wageni. Wazungu watakuja na boti ndogo za tanga, watazunguka bwawa, kila kituo na gati lake, maji ya moto, soda baridi. Gati kubwa litakuwa kwenye kilima chenye maji pande tatu. "Kile cha mawe mawili, baba. Mahali pazuri ajabu."

Nikauliza, mimi nahusika wapi?

"Mtendaji anataka mzee wa zamani aseme kwa maandishi kuwa makaburi ya pale yalihamishwa. Wengine wote wamekufa au hawajulikani walipo. Na wewe ndiye, baba... kila mtu anajua habari yako na Rehani. Nani atakupinga?"

Anifa alikuwa anakosha vikombe. Kikombe kimoja amekikosha mara tatu.

Nikasema nitafikiri. Nurdini akasema fikiri baba, fikiri, kwa furaha kama nimeshakubali.

Mchana tumeshuka. Mwalo huu unanuka moshi wa samaki. Mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza perege kwenye kichanja akanitazama sana, akanisalimu Kigogo. "Mbukwenyi! Si Swalihu wa dukani huyu?" Ni Lydia, binti wa jirani yangu wa Mkwajuni. Nilimwacha msichana, sasa ana wajukuu. Akanishika mikono yote miwili, na samaki zake.

Kanipa pole ya mke. Halafu akasema, "Mimi nilikwenda kilimani siku ile mliyohama. Nilifuata mbuzi. Nikaona pamefukuliwa pakafukiwa, nikasema masikini, amemchukua mwanawe. Ila nikashangaa, udongo ulikuwa umejaa vilevile. Kaburi likitolewa mtu si hubaki shimo?"

Nikamwambia nilijaza mchanga.

"Aa," kasema. Akageuza samaki. "Ulibeba mchanga kupanda juu kule. Ulikuwa na nguvu, Swalihu."

Anacheka au anajua? Mwanamke huyu hakuwekwa hapa bure. Nani alisema tusimame kwenye mwalo huu? Anifa! Alisema anataka samaki wakavu. Hajanunua hata mmoja.

Jumatano, 10 Juni. Majini.

Hawatakifikia kilima hicho kwa mkono wangu.

Nurdini aliniuliza baada ya chai, baba, kilima ni upande gani, Silvano hapajui vizuri, huko vitambaa vyake havijafika. Nikasema, mimi ndiye ramani au siye? Nikakaa mbele kabisa. Nikawapeleka kusini, moja kwa moja, kwenye kisiwa kimoja cha mchanga chenye viboko. Nikasema ndicho hiki. Mawe yamezama.

Nurdini akasema, mbona bwana Aiman alisema mawe yanaonekana?

Bwana Aiman alizaliwa Mkwajuni?

Anifa ametazama maji tu. Alihama ana miaka kumi na saba, nadhani amesahau. Au nadhani vibaya?

Kiboko mmoja akapiga miayo. Nurdini mwenyewe akasema turudi, hapa wageni hawatalala. Sasa wakati wa kurudi Silvano akataka njia ile tuliyojia. Nikasema hapana, kuna njia ya mkato, ipite hapo penye uwazi. Hapo palikuwa uwanja wa mpira, na mkwaju mmoja tu pembeni, mkubwa kuliko nyumba, kijiji kilipata jina kwake. Ukiuona mkwaju, nikasema, shika kulia.

Mkwaju hatukuuona. Tuliusikia.

Boti iliruka kama punda aliyechomwa. Anifa akaanguka juu ya furushi lake. Injini ikapiga kelele, halafu kimya. Pini ya pangaboi la injini imekatika! Silvano akaingiza kasia majini akapapasa. Shina lipo, kiasi cha kiwiko chini ya maji, limekatwa bapa kama meza. Ni ule mwaka wa ukame na mgao wa umeme, bwawa lilipokauka watu waliingia na mashoka, wakachoma mkaa. Nani angejua wangeukata ule? Mkaa wa Mtera hata mimi niliununua mwaka ule. Ulikuwa mkaa mzuri, hautoi cheche.

Silvano akakaa juu ya injini akanitazama. "Mzee wangu, niambie, unaijua njia au unaificha njia?"

Nikamwambia chunga ulimi, mimi ni sawa na babu yako.

"Ndiyo maana nauliza, babu. Mtu asiyejua njia huuliza. Wewe huulizi."

Nurdini akamkemea. Lakini Nurdini naye sasa ananitazama vingine.

Tumepiga kasia hadi ukingoni. Nimelowa.

Alhamisi, 11 Juni. Hapohapo.

Tunangoja pini. Silvano amepanda mtumbwi wa mvuvi kwenda kuitafuta.

Upepo mkali. Mawimbi kama ya bahari. Bahari niliiona mwaka hamsini na sita, najua ninachosema.

Nurdini ana redio, anatafuta mpira wa dunia. Inashika sauti kisha inazama. Kila ikizama ananitazama kama nimeizamisha mimi.

Adhuhuri nikaswali mchangani. Niliporudi furushi la Anifa lilikuwa peke yake, yeye amekwenda kuokota kuni. Nikaligusa, juu juu tu. Kitu kigumu. Cha mviringo. Baridi. Nilidhani ni muhuri wa serikali, lakini muhuri hauwi mkubwa kiasi hicho.

Akanikuta. Hakukasirika. Akasema, "Kesho baba. Kesho utakiona."

Kesho! Kumbe naye ana kesho yake.

Nikamuuliza, mama yako alikuambia nini siku zake za mwisho? Sikuwahi kumpa nafasi ya kunijibu hilo. Akasema, "Mengi." Akaanza kukoka moto.

Ijumaa, 12 Juni. Kilimani.

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Wote wamenizunguka, wananingoja. Nimesema mzee haharakishwi, mzee ana kumbukumbu zake za kuandika. Bwana Aiman ametazama saa.

Ilikuwa hivi. Pini ilipatikana asubuhi. Silvano akauliza twende wapi, hakuniuliza mimi. Nikafungua mdomo, lakini Anifa akatangulia. "Kata kushoto, kaka Silvano. Fuata mti ule wenye kiota. Ukiuacha, utayaona mawe mawili."

Hakusahau! Jumatano alinitazama nikidanganya tangu asubuhi hadi jioni, akanyamaza.

Na mawe tukayaona. Meupe kwa vinyesi vya ndege, lakini yaleyale. Maji yamefika chini ya kilima yakasimama. Nikataka kupiga kelele, niliwaambia! Nikameza mate.

Boti nyingine ilishafika. Bwana Aiman ni kijana, mnene, ana simu ya mkononi kiunoni. Kila mara anaitoa, anainyanyua juu, hakuna mtandao, anairudisha. Shikamoo mzee, shikamoo mzee, mara mbili. Mtendaji wa kijiji anaitwa Batholomeo, mpole, ana faili na kalamu mbili. Wamekuja pia mafundi wawili.

Mafundi wameshapiga vigingi na kamba! Kilima kizima kimefungwa kama mzigo. Bwana Aiman akanitembeza, mkono begani kwangu. Hapa gati, mzee. Hapa vitanda vya wageni, wakiamka wanaona maji. Hapa jiko.

Nikauliza, na huku nyuma, kwenye mawe?

"Huko choo, mzee. Wageni hawapendi choo kiwe mbele."

Kigingi kimepigwa katikati ya mawe mawili. Kando yake kamba inapita. Najua inapita juu ya nini. Hata majani hapo ni yaleyale, mafupi, mbuzi walikuwa wanayapenda.

Nikasema nimechoka, nikakaa juu ya jiwe hili. Nurdini akanishikia mwavuli. Batholomeo akafungua faili akasoma taratibu, anadhani masikio yangu mabovu. Mimi Swalihu, mwenyeji wa zamani wa Mkwajuni, nathibitisha kwamba makaburi yote yaliyokuwa kilimani yalihamishwa mwaka 1979, na kwamba mimi mwenyewe nilihamisha kaburi la mwanangu Rehani.

Akaniinamia. "Mzee wangu, mimi nimeletwa huku mwaka juzi tu. Sina wa kumwamini ila wewe. Hapa hakuna mtu?"

Hapa hakuna mtu. Hivyo ndivyo alivyosema.

Nurdini akasema kwa haraka, "Habari ya baba inajulikana mji mzima, bwana mtendaji. Mimi nilipokwenda kuposa ndiyo habari ya kwanza niliyosimuliwa!" Akacheka. Nurdini hajui. Uso wake hauna kitu. Nimemshuku wiki nzima, na huyu anachotaka ni gati lake tu.

Nikapewa kalamu. Nimeishika. Ndiyo hii, wino wake laini kuliko wangu. Nikisaini, mafundi wanachimba leo, majembe yako kwenye boti. Nisiposaini, lazima niseme kwa nini. Nikisema kwa nini, Mwajabu amelala Mkonze pembeni mwa mawe, na mimi ndiye niliyemlaza. Na kila harusi niliyokula nikisimulia!

Nilikuwa naiwaza hiyo, ndipo Anifa akafungua furushi.

Akafungua kanga ya mama yake, fundo kwa fundo, hana haraka. Ni birika la bluu.

La Mwajabu! Siwezi kuandika vizuri hapa.

Hakuniangalia. Akashuka hadi ukingoni, amekunja gauni, akalizamisha birika likabubujika. Akapanda. Akaipita kamba ya jiko, akaipita kamba ya vitanda, mafundi wakampisha. Akasimama mbele yangu, kila mtu anasikia.

"Baba, nimwage wapi?"

Nurdini kasema, mke wangu, unafanya nini?

Bwana Aiman ameuliza, kuna nini, ni mila?

Nikamwambia Anifa kwa sauti ya chini, mama yako alijua tangu lini?

Kasema, "Sijui, baba. Alisema tu nije na wewe. Alisema nisikuonyeshe kaburi. Alisema unionyeshe wewe."

Ndipo nikasema subirini. Ndipo nikatoa daftari.

Kutoka hapa hadi penye majani yale ni hatua saba. Mtendaji amekohoa. Jua limepanda, Ijumaa inanipita. Anifa bado amesimama, amelishika birika kwa mikono miwili. Hataki kuliweka chini. Likijaa ni zito lile. Mama yake alikuwa analirudisha nyumbani hivyohivyo, limejaa, na mimi nikimtazama kutoka barazani.